Nyangumi: Riziki ya Bahari na Pupa ya Wanadamu

Wasomaji wetu wengi, wakubwa kwa wadogo, wamekwisha kusikia kisa cha masahaba mia tatu waliotumwa na Mtume wetu (s.a.w.) kwenda upande wa pwani, wakiongozwa na Abu Ubaida bin al-Jarrah. Chakula kiliwapungukia hata kila mtu akawa apewa tende moja kwa siku, na hata hizo tende zikaisha, wakawa wakiangua majani ya miti kwa fimbo na kuyala. Katika dhiki hiyo ndipo walipomkuta ufukoni samaki mkubwa mno, mfano wa kilima, aitwaye ambari, ambaye bahari ilikuwa imemtupa nje. Walimla siku nyingi mpaka miili yao ikarudiwa na nguvu. Jabir bin Abdallah, aliyekuwamo msafarani, alisimulia kuwa ubavu wake uliposimamishwa, mtu juu ya ngamia alipita chini yake. Waliporejea Madina, Mtume aliwajulisha kuwa ile ilikuwa riziki waliyotolewa na Mwenyezi Mungu, naye akataka apewe sehemu, akala.

Kwa jina lake na kwa ukubwa wake, wengi wameona kwamba mnyama yule alikuwa nyangumi, wa jamii ile ile itoayo ambari, manukato ya thamani ambayo wazee wetu wa pwani waliyaokota fukweni na kuyauza. Na wanazuoni wengi, wa madhehebu ya Shafii miongoni mwao, walikifanya kisa hiki kuwa hoja ya uhalali wa kiumbe cha baharini hata akikutwa amekwisha kufa.

Basi kijana asikiaye leo habari za mataifa yakishindana katika mikutano na hata mahakamani kwa ajili ya nyangumi, huenda akauliza: ikiwa nyama yake yaliwa, ni nini kilichowafanya watu wazima kukaa miaka zaidi ya arubaini wakibishana juu ya kumwinda? Swali hili ni la haki. Jibu lake litaonekana tukijua kwanza mnyama huyu ni wa namna gani, na wanadamu walimfanya nini tangu walipopata chombo cha kumshinda.

Mnyama mwenyewe

Nyangumi aishi baharini kama samaki, walakini si samaki kwa maumbile yake. Damu yake ni ya moto, avuta pumzi kwa mapafu, na kwa hiyo hana budi kupanda juu kila mara ili apate hewa. Jike hubeba mimba muda wa mwaka au karibu na hapo, akazaa mtoto mmoja, akamnyonyesha kwa maziwa. Nyangumi wa buluu ndiye mkubwa wa wanyama wote tuwajuao. Urefu wake hufika mita 30, na uzito wake hupita tani 100.

Msomaji na alishike neno hili la uzazi, kwa kuwa ndilo msingi wa mambo yote yatakayofuata. Samaki wengi hutaga mayai kwa maelfu na maelfu, na bahari ikivuliwa kwa kiasi huweza kujirudisha upesi. Nyangumi mkubwa huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu, na huyo mtoto akawie miaka mingi kabla ya kuzaa naye. Amwuaye jike mmoja ameziua mimba nyingi zijazo.

Kutoka chusa cha mkono hadi meli ya kiwanda

Kuwinda nyangumi ni kazi ya zamani. Wabaski wa pwani ya Hispania na Ufaransa waliifanya karne nyingi zilizopita. Waholanzi na Waingereza wakaifuata hadi bahari za barafu za Kaskazini. Katika karne ya 19 Wamarekani kutoka miji kama New Bedford na Nantucket walizunguka dunia nzima kwa merikebu za matanga, na baadhi yao walifika hata katika Bahari yetu ya Hindi na kutia nanga Unguja ili kupata maji na vyakula. Walichokitafuta hasa ni mafuta. Mafuta ya nyangumi ndiyo yaliyowasha taa za majumba na barabara, na ndiyo yaliyolainisha mashine. Vijiti vigumu vya kinywani mwake, ambavyo kwavyo huchuja chakula chake majini, vilitumika katika miavuli na katika nguo za kubana kiuno walizovaa mabibi wa Ulaya.

Katika siku hizo mwindaji alikaribia kwa mashua ya makasia, akarusha chusa kwa mkono wake. Nyangumi wengi waliuawa, na jamii nyingine zilikaribia kwisha. Hata hivyo nyangumi wa buluu na wenziwe wenye mbio waliokoka, kwa kuwa mashua haikuweza kuwafikia, na walipokufa walizama.

Mambo yaligeuka alipotokea Mnorwe mmoja jina lake Svend Foyn. Katika miaka ya 1860 aliunda meli ya mvuke ya kuwindia, akaifunga mzinga mbele, na mzinga huo ulirusha chusa chenye baruti kichwani kilichopasuka ndani ya mwili wa mnyama. Tangu hapo hapakuwa na nyangumi aliyeweza kukimbia. Mwaka 1904 Carl Anton Larsen, Mnorwe mwingine, alifungua kituo cha Grytviken katika kisiwa cha South Georgia, karibu na bahari za barafu za Kusini. Katika kisiwa hicho kimoja, hadi uwindaji ulipokoma katikati ya miaka ya 1960, waliletwa nyangumi zaidi ya 175,000.

Kisha mwaka 1925 meli iitwayo Lancing ilianza kazi ikiwa na mteremko nyuma yake wa kumvutia nyangumi mzima hadi juu ya sitaha. Haikuwa tena lazima kurudi pwani; kiwanda chenyewe kilielea baharini. Mafuta ya petroli yalikuwa yamekwisha kuchukua nafasi ya taa za nyangumi, lakini mafundi wa kemia walikuwa wamejifunza kuyagandisha mafuta yake yakawa majarini ya kupaka mkate, na soko likafunguka upya. Katika msimu mmoja wa mwaka 1930 na 1931, katika bahari za Kusini, waliuawa nyangumi wa buluu zaidi ya 29,000.

Sheria iliyozaa mbio

Isidhaniwe kuwa hapakuwa na wenye akili walioona hatari. Tarehe 2 Desemba 1946, mjini Washington, mataifa yenye kuwinda yalitia saini mkataba, na kwa mkataba huo ikaundwa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi. Azma yake iliandikwa waziwazi: kuwahifadhi nyangumi ili biashara ya kuwawinda iendelee kwa utaratibu. Maneno hayo mawili, hifadhi na biashara, yalitiwa katika chungu kimoja, na hadi leo kila upande huchota lile ulipendalo.

Lakini tazama jinsi sheria ile ilivyopangwa. Nyangumi hawakuhesabiwa kila jamii peke yake. Palitumiwa kipimo kimoja: nyangumi mmoja wa buluu alikuwa sawa na wawili wa jamii ya fini, ambao ni wa pili kwa ukubwa, au wenye nundu wawili na nusu, au sita wa jamii ya sei. Jumla ya vipimo 16,000 iliruhusiwa kwa msimu katika bahari za Kusini. Kipimo hiki kilipima mafuta, hakikupima uhai wa jamii. Mwenye chusa mbele yake akiona wa buluu na wa sei, atampiga wa buluu, ijapokuwa ndiye aliyekuwa akielekea kwisha, maana ndiye mwenye mafuta mengi zaidi.

Tena jumla ile haikugawanywa kwa nchi. Ilikuwa ni ya wote, na mara ilipotimia, msimu ulifungwa. Matokeo yake yaeleweka na kila mtu aliyewahi kuona sinia moja likiwekwa mbele ya wenye njaa wengi bila ya mtu wa kugawa. Kila taifa liliongeza meli na mashine ili lipate kingi kabla ya mwenziwe, na msimu uliokuwa zaidi ya siku 100 ukafupika hata ukawa siku kama 60. Matajiri walikwisha kukopa fedha za kujengea meli hizo, na meli yenye deni haiwezi kukaa bandarini. Wataalamu walipotaka jumla ipunguzwe, wajumbe wa Tume walijibu kuwa hesabu hazijahakikishwa. Zilipohakikishwa, nyangumi wa buluu wa Kusini, ambao yakisiwa zamani walipita 200,000, walikuwa wamebaki mamia machache tu.

Hesabu zilizofichwa

Lipo na jambo jingine ambalo halikujulikana hata miaka mingi kupita. Mwaka 1993 mtaalamu wa Urusi, Alexey Yablokov, alifichua mbele ya wenzake wa mataifa kuwa meli za Urusi ya Kisovieti zilikuwa zikipeleka kwa Tume hesabu za uongo. Katika nusu ya Kusini ya dunia zilikuwa zimetangaza kuwa zimewaua nyangumi wa nundu 2,710. Daftari za kweli, walizozificha wataalamu wachache kwa hatari ya nafsi zao, zilionyesha zaidi ya 48,000. Mabaharia wale walipangiwa na serikali yao kiasi cha kuleta kila mwaka, wakalipwa kwa kukivuka, na sehemu kubwa ya nyama ikatupwa baharini.

Madhara ya uongo huo yalikuwa makubwa kuliko ya wale nyangumi waliouawa. Wataalamu wa nchi nyingine, wakizitegemea hesabu zile, walikuwa wakikisia ni wangapi wamebaki na wangapi waweza kuchukuliwa. Mizani ilipoharibiwa, hata mtu mwaminifu alipima vibaya. Wachunguzi waliozikusanya hesabu zote baadaye wamekisia kuwa katika karne ya 20 peke yake waliuawa nyangumi wakubwa karibu milioni 2.9.

Kura ya mwaka 1982

Katika miaka ya 1960 wa nundu na wa buluu walianza kulindwa kwa sheria. Mwaka 1970 Mmarekani Roger Payne alitoa sahani ya santuri yenye sauti za nyangumi wa nundu, na watu wa mijini ambao hawajapata kuiona bahari wakamsikia kiumbe huyu akiimba kwa mpango na kwa kurudia. Mwaka 1972 mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Stockholm ulitaka uwindaji wa biashara usimamishwe miaka kumi. Hatimaye mwaka 1982 Tume ilipiga kura: nchi 25 ziliafiki kusimamisha, 7 zilikataa, na 5 hazikuchagua upande. Miongoni mwa zilizoafiki zilikuwamo Shelisheli, Kenya na Omani. Amri ilianza kutumika kwa msimu wa 1985 na 1986.

Amri hiyo haikumaliza ugomvi. Norwei ilikuwa imeweka pingamizi lake, na mwaka 1993 ikarudia biashara. Aislandi ilijitoa katika Tume mwaka 1992, ikarejea mwaka 2002, na mwaka 2006 ikawinda tena kwa biashara. Japani ilishika kifungu cha mkataba kiruhusucho kuwaua nyangumi kwa ajili ya elimu, na tangu 1987 ilipeleka meli zake bahari za Kusini kwa jina hilo, nyama yake ikauzwa sokoni. Australia iliishitaki mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na tarehe 31 Machi 2014 mahakimu 12 dhidi ya 4 waliamua kuwa mpango ule, kama ulivyoendeshwa, haukuwa kwa ajili ya elimu. Tarehe 30 Juni 2019 Japani ilitoka katika Tume, na siku iliyofuata meli zake zikaanza kuwinda kwa biashara katika bahari yake yenyewe, zikiacha zile za Kusini.

Hoja za pande mbili

Uadilifu wataka tuzisikilize hoja zote. Watetezi wa uwindaji wasema kuwa nyangumi ni chakula kama vyakula vingine. Japani ilipokuwa katika njaa baada ya vita, mwaka 1946 iliruhusiwa kupeleka meli zake Kusini, na nyama hiyo ililisha watoto mashuleni. Wasema pia kuwa jamii zote si sawa. Nyangumi mdogo aitwaye minki yungali na idadi kubwa, na kuchukua wachache kwa hesabu si kuangamiza. Na huuliza: yule achinjaye ng'ombe kila siku ana haki gani ya kumlaumu alaye nyangumi? Hoja hii ya mwisho si nyepesi, na mara nyingi wapinzani hawaijibu vizuri.

Wapinzani nao wasema kuwa biashara imekwisha kupewa nafasi ya kujizuia, ikashindwa, na ikadanganya. Wasema kuwa mnyama mkubwa apigwaye kutoka juu ya meli ichezayo juu ya mawimbi hawezi kuhakikishiwa kifo cha upesi. Na Mwislamu, aliyefundishwa kunoa kisu na kumpa raha anayechinjwa, hawezi kulisikia neno hili akalipuuza. Waongeza kuwa nyangumi aliye hai ana faida yake: mwaka 2008 watu karibu milioni 13 walikwenda baharini kuwatazama tu, na vijiji vingi vikapata riziki kwa hilo.

Ziko dalili kuwa subira imezaa matunda. Nyangumi wa nundu wa upande wa Brazili, ambao walibaki mamia machache katika miaka ya 1950, wamekaribia 25,000. Wa buluu wa Kusini waongezeka pia, ila polepole, na wangali sehemu ndogo sana ya walivyokuwa.

Wawindao kwa chakula cha nyumbani

Si haki kuwatia wote katika hukumu moja. Wako watu wa Kaskazini, kama Wainupiati wa Alaska, ambao wamemwinda nyangumi kwa chakula tangu zamani, na nyama yake hugawanywa kijijini. Mwaka 1977 Tume iliwakataza ghafula, kwa kuwa wataalamu walidhani nyangumi wa huko wamebaki wachache mno. Wazee wa Kiinupiati walikanusha. Walieleza kuwa nyangumi hawapiti karibu na ukingo wa barafu tu, mahali walipokaa wahesabuji. Wengine hupita mbali, na wengine chini ya barafu yenyewe. Wataalamu wakateremsha vyombo vya kusikilizia majini, wakayahakikisha maneno ya wazee. Wawindaji waliunda halmashauri yao wenyewe, wakapewa kiasi, wakaheshimu kiasi hicho. Na hesabu ya mwaka 2011 ilionyesha nyangumi zaidi ya 15,000. Kumbe mwindaji aweza kuwa mlinzi, ikiwa atosheka na haja yake na ikiwa hesabu yake ni ya kweli.

Na sisi wa bahari hii

Msomaji wa Mombasa, Unguja, Mtwara au Maskati asidhani kuwa haya ni mambo ya mbali. Kila mwaka, katika majira ya kusi, nyangumi wa nundu hutoka katika bahari za barafu na kupanda pwani yetu ili kuzaa na kunyonyesha katika maji ya moto. Mvuvi aliye nje kati ya Julai na Oktoba huweza kumwona mama na mtoto wake wakipita. Hao ni mabaki ya wale waliowindwa Kusini.

Katika bahari ya Omani wako wa nundu wengine ambao hawasafiri kwenda Kusini hata siku moja. Wakaa papo hapo mwaka mzima, na wamejitenga na wenziwao kwa muda mrefu mno. Mwaka 1966 meli za Kisovieti zilipita katika Bahari ya Arabuni na kuwaua zaidi ya 200 kwa siri. Waliobaki wakisiwa kuwa hawafiki 100. Kundi dogo kama hilo halihitaji tena chusa ili limalizike; jarife lililotelekezwa baharini, au meli kubwa ipitayo kwa mbio usiku, latosha.

Ni kwa shauri la Shelisheli, nchi ndogo ya visiwa, kwamba mwaka 1979 Tume iliifanya Bahari ya Hindi kuwa mahali pasipowindwa nyangumi kwa biashara. Nchi isiyokuwa na meli kubwa ilisimama mbele ya wenye meli, ikasikilizwa. Vijana wetu na wakumbuke hilo wanapoambiwa kuwa neno la mnyonge halina uzito.

Mvuvi atakayemkuta nyangumi amenaswa katika jarife asimkaribie peke yake, kwa kuwa pigo moja la mkia laweza kuivunja ngalawa. Na awape habari maofisa wa uvuvi au wa hifadhi ya bahari mapema. Na mzazi akaaye pwani na awaonyeshe watoto wake apitapo, akawaeleze kwa nini walipungua.

Tukirudi kwa swali la kijana wetu, tutaona kuwa halali peke yake haimalizi jambo. Maji ni halali, na bado tumekatazwa kuyafanyia israfu hata katika udhu. Masahaba wa Abu Ubaida walikula alichotupa bahari, kwa njaa waliyokuwa nayo, wakashukuru. Wenye meli za viwanda walitafuta kila kilichokuwamo, wakaandika hesabu wasiyoifanya, na wakawaachia wajukuu wao bahari tupu. Meli za kuwinda zingali zikitoka bandarini, na mikutano ingali ikifanywa. Basi lililo wajibu juu ya kila atakayekaa katika baraza hizo, na huenda mmoja wao akawa mwana wa msomaji wetu, ni kuuliza mambo mawili kabla ya kupiga kura: hesabu hii ni ya kweli? na haja hii ni haja, au ni pupa?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kushukuru kwa kilichomo nchi kavu na baharini, na wenye kujua mpaka wa kukitumia. Amin.